Ajali Haina Kinga? Pombe, Damu na Usukani kati ya Embu na Meru

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Methali hii husikika takriban katika kila matanga ya mtu aliyefia barabarani, kuanzia Embu mjini, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, hadi Meru na vilima vya Igembe. Mzee husimama kando ya kaburi, akavua kofia, akaitamka, na waombolezaji wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Hakuna mtu mwenye utu anayeweza kuwanyima wafiwa maneno ya kuwaliwaza. Hata hivyo, methali inayomliwaza mjane yaweza wakati uo huo kumkinga aliyemfanya awe mjane. Iwapo dereva aliyemgonga marehemu alitoka baa akiwa amekunywa chupa sita, je, ni kweli kwamba kifo hicho hakikuwa na kinga?

Makala haya yanashikilia kwamba kifo kinachosababishwa na dereva aliyekunywa pombe hakistahili kuitwa ajali. Yanashikilia pia kwamba kipimo cha kileo katika damu, ambacho wengi hukiona kuwa hila ya serikali ya kuwakamua wananchi, ndicho chombo kinachoweza kuitoa maafa hayo katika mikono ya majaliwa na kuyarejesha mahali yanapostahili, yaani katika uamuzi wa binadamu.

Neno na mzigo wake

Wanafunzi wa Kiswahili wanajua kwamba neno ajali lina asili ya Kiarabu, na kwamba maana yake ya awali ni muda uliowekwa, hasa mwisho wa uhai wa mja. Ndiyo maana husemwa kwamba fulani ajali yake imefika, hata kama amefia kitandani mwake bila kuguswa na gurudumu lolote. Baadaye neno hili lilipanuka likabeba pia maana ya tukio baya la ghafla ambalo halikutarajiwa. Leo maana hizi mbili zinaishi katika nyumba moja, na ya kwanza haijaacha kuinong'onezea ya pili. Redio inapotangaza kuwa watu wanne wameaga dunia katika ajali ya barabarani, msikilizaji hupokea habari mbili kwa pamoja: kwamba magari yamegongana, na kwamba siku za wanne hao zilikuwa zimetimia. Baada ya hapo, ni nani atakayeuliza maswali?

Si Kiswahili pekee kinachokabiliwa na tatizo hili. Mwaka 2001 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, liliamua kuacha kulitumia neno la Kiingereza lenye maana kama hiyo, kwa hoja kwamba majeraha mengi yanaweza kutabirika na kuzuilika, na kwa hiyo si haki kuyaeleza kana kwamba yametokea kwa bahati mbaya tu. Kiswahili nacho hakina uhaba wa msamiati. Kina mgongano, kina uzembe, kina kosa, na pale inapobidi kina neno mauaji. Kinachokosekana ni ujasiri wa kuchagua neno linaloafiki tendo.

Barabara isiyosamehe

Yeyote aliyewahi kusafiri kutoka Embu kwenda Meru anaijua barabara ile. Imepita mashariki mwa Mlima Kenya, na kwa kuwa mito inayotoka mlimani huelekea Mto Tana, barabara haina budi kuyakata mabonde yake moja baada ya jingine. Gari huteremka hadi Thuci, likapanda. Huteremka tena, likapanda. Hadi linapofika Daraja la Nithi, kati ya Chuka na Chogoria, ambako mteremko na kona vimekutana kama maadui wawili waliopatana ili wamdhuru wa tatu. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilitumbukia katika bonde hilo, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Maafa hayo hayakuhusishwa na pombe, na si haki kuyahusisha nayo. Yanatajwa hapa kwa sababu moja tu: yanaonyesha jinsi barabara hii isivyomwachia hata mtu mwenye akili timamu nafasi ya kukosea.

Sasa na tumtazame asiye na akili timamu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa kilichowekewa matatu na mabasi na Kanuni za Michuki za mwaka 2004, husafiri mita 22 katika kila sekunde. Dereva akichelewa nusu sekunde tu kukanyaga breki, gari lake litakuwa limekwenda mita 11 zaidi kabla hajaanza kupunguza mwendo. Mita 11 ni upana wa barabara nzima na ziada. Ni umbali unaotosha kati ya mwanafunzi kufika upande wa pili na mwanafunzi kutofika. Kuchelewesha ubongo kwa nusu sekunde ni kazi nyepesi mno kwa pombe.

Damu haina porojo

Lugha ya vilabuni ina maneno mengi ya kumtetea mnywaji. Kuna aliyeonja, kuna aliyekata kiu, kuna aliyepata moja baridi, kuna aliyechangamka, na ni mwishoni kabisa mwa orodha hiyo anapopatikana aliyelewa. Kwa wengi, mlevi ni yule anayepepesuka au anayelala mtaroni. Yule anayeongea vizuri, anayelipa deni lake na kutembea wima hadi kwenye gari, huyo si mlevi, ni mtu aliyechangamka. Bibi kizee akithubutu kumwuliza dereva, "Mwanangu, mbona unanukia pombe?" atajibiwa kwa upole, "Shosho, nimechangamka tu, usiwe na wasiwasi." Naye shosho, kwa kuwa hakuna gari jingine na giza limeingia, atakaa kitini ashike rozari yake.

Damu haijui tofauti kati ya kuchangamka na kulewa. Inajua kiasi. Pombe inyweapo huingia tumboni na katika utumbo mdogo, ikafyonzwa na kutiwa katika damu bila kusubiri kusagwa kama ugali. Kutoka hapo husambazwa mwili mzima, ubongo ukiwemo. Vinavyoanza kuathirika ni vile ambavyo dereva anavihitaji zaidi: uwezo wa kukadiria kasi na umbali, wepesi wa kutenda, na uamuzi. Ubaya ni kwamba uamuzi nao ndio unaotumiwa kujipima. Aliyekunywa huulizwa na ubongo ulionyweshwa kama anaweza kuendesha, naye hujibiwa kwamba anaweza.

Katika miaka ya 1930 mwanasayansi Erik Widmark wa Uswidi alionyesha kwamba kiasi cha kileo katika damu kinaweza kukadiriwa kutokana na kiasi kilichonywewa, uzito wa mwili, jinsia na muda uliopita. Kwa hesabu ya aina hiyo, mwanamume mwenye uzito wa kilo 70 akinywa chupa ya nusu lita ya bia yenye kileo cha takriban asilimia 4, kiwango katika damu yake hupanda kwa karibu miligramu 35 katika kila mililita 100. Mwanamke wa uzito uo huo hupanda zaidi, kwa kuwa kwa kawaida mwili wake una maji machache. Ini nalo huondoa takriban miligramu 15 kwa saa. Haliongezi kasi kwa sababu mwenye nalo ana haraka.

Chukua mfano wa dereva wa kubuni anayeanza kunywa saa moja jioni na kumaliza chupa ya sita saa sita usiku. Analala akiwa na takriban miligramu 135. Saa kumi na moja alfajiri, anapowasha injini ili awapeleke abiria wa kwanza Nairobi, bado ana takriban miligramu 60. Angekunywa chupa ya saba, angekuwa na 95. Amelala, ameoga, amekunywa chai, amebadilisha shati. Abiria wanamwona kuwa mtu nadhifu. Damu yake haitakuwa safi hadi kama saa tatu asubuhi, naye wakati huo atakuwa ameshavuka mabonde yote. Kwa hiyo hatari haitoki baa usiku pekee. Hupanda pia gari la alfajiri, ikiwa imechana nywele.

Katika eneo la Meru kuna imani nyingine inayohitaji kutajwa bila kuogopa. Wapo wanaoamini kuwa miraa huondoa ulevi. Miraa ina kichangamshi kinachofukuza usingizi, na ndicho kinachomfanya dereva aone kwamba amerudiwa na fahamu zake. Hata hivyo, haiondoi hata miligramu moja ya kileo katika damu. Kahawa haiondoi. Maji baridi hayaondoi. Kinachopatikana ni mlevi aliye macho, ambaye pengine ni hatari kuliko mlevi aliyelala, kwani aliyelala hana haja ya ufunguo.

Sheria iliyoyumba

Tarakimu ilikuja Kenya kwa kuchelewa. Norway iliweka kiwango katika sheria yake mwaka 1936, Uingereza ikaweka miligramu 80 mwaka 1967. Sheria ya Trafiki ya Kenya, katika kifungu cha 44, haikuwa na tarakimu. Ilimtia hatiani mtu anayeendesha akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari ipasavyo. Kwa maneno mengine, sheria nayo ilimtazama mlevi kwa macho ya kilabuni: je, anapepesuka au hapepesuki?

Kanuni za mwaka 2011 ndizo zilizoleta hesabu: miligramu 80 katika mililita 100 za damu, mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, na miligramu 107 katika mililita 100 za mkojo. Desemba 2013 polisi pamoja na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, walianza kuwapima madereva kwa kifaa ambacho umma ulikipokea kwa jina lake la kibiashara, Alcoblow. Wenye baa walilalamika kwamba wateja wamepungua, na kesi ikapelekwa mahakamani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliziunga mkono kanuni hizo, lakini Februari 2017 Mahakama ya Rufani ilikataa madereva kushtakiwa chini yake, kwa kuwa zilipingana na sheria mama iliyozizaa. Wapo walioshangilia kana kwamba mahakama imeruhusu ulevi barabarani. Haikuruhusu. Kifungu cha 44 kilibaki na adhabu yake ya faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka 2 au vyote viwili, na upimaji ulirejea baadaye. Mwaka 2025 ilitolewa rasimu ya kanuni mpya iliyopendekeza kwamba madereva wa magari ya abiria, ya biashara na ya shule wasiwe na kileo chochote katika damu wawapo kazini.

Pendekezo hilo lina mantiki. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba kiwango kisizidi miligramu 50 kwa madereva wa kawaida na 20 kwa madereva vijana na wanagenzi, nalo limeeleza kwamba mwenye miligramu 100 anakabiliwa na hatari takriban mara tano ya yule asiye na kileo. Yule dereva wa kubuni mwenye miligramu 60 alfajiri yuko chini ya 80, kwa hiyo tarakimu ya zamani ingempitisha. Abiria 14 walio nyuma yake hawakuulizwa kama wanakubali.

Hoja za wapinzani

Kuna hoja tatu ambazo ni lazima zijibiwe kwa haki. Ya kwanza ni kwamba kipimo kimegeuzwa kuwa mtambo wa hongo. Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Hata hivyo, rushwa hunawiri zaidi pale ambapo mlevi ni yule tu ambaye afisa ameamua kumwita mlevi. Tarakimu iliyochapishwa kwenye karatasi na kukabidhiwa dereva ni vigumu kuibishia, na ni vigumu vilevile kuiuza. Dawa ya hongo ni kuimarisha kipimo, kuweka kumbukumbu zake wazi, na kumwadhibu anayeivuruga.

Hoja ya pili ni kwamba pombe ni sehemu ya utamaduni. Ni kweli kwamba Waembu, Wachuka na Wameru walikuwa na pombe zao za jadi, na kwamba posa na mapatano havikukamilika bila pembe kuzunguka. Lakini utamaduni huo haukuwa huria. Pombe ilikuwa ya wazee, na vijana waliobeba silaha na jukumu la kulinda jamii hawakuruhusiwa kuigusa. Wazee wale walijua kwamba mtu aliyekabidhiwa uhai wa wengine hana ruhusa ya kulewa. Tena baada ya kunywa walirudi nyumbani kwa miguu, na aliyeanguka njiani alijiumiza peke yake. Leo mkuki umekuwa usukani. Anayetaka kuufuata utamaduni huo na aufuate wote.

Hoja ya tatu ni ya umaskini: kwamba mwananchi ana matatizo makubwa kuliko chupa mbili za dereva. Hapa historia ya karibu ya Embu ina somo. Mei 2014 makumi ya watu katika Embu na kaunti nyingine kadhaa walikufa baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na baadhi ya walionusurika walipofuka. Hakuna aliyesema kwamba ajali haina kinga. Umma uliuliza nani aliuza, nani aliruhusu, nani alinyamaza. Washukiwa walikamatwa, na maafisa wa utawala na wa polisi wakasimamishwa kazi. Kwa nini basi pombe inapoua kupitia kooni huitwa mauaji, na inapoua kupitia gurudumu huitwa ajali? Kati ya mwaka 2021 na 2024 hapakuwa na mwaka hata mmoja ambao barabara za Kenya ziliua watu chini ya 4,000, na waliotangulia kwa wingi ni wanaotembea kwa miguu. Hao ni maskini wale wale wanaosemekana kuwa na matatizo makubwa zaidi.

Wajibu wa wenye lugha

Yapo ya kufanywa na Bunge, na yapo ya polisi. Vyama vya matatu, ambavyo tayari vina ofisi na wasimamizi katika vituo vya Embu na Meru, vinaweza kuwapima madereva wao alfajiri kabla gari halijatoka, na makundi ya bodaboda yakafanya vivyo hivyo usiku. Wanaokwenda sherehe kwa gari moja wanaweza kumteua mmoja wao asiyekunywa. Hayo yote hayahitaji fedha nyingi.

Lakini lipo pia jukumu la wenye Kiswahili, nalo halipaswi kuachiwa wengine. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, ilhali sheria inayompeleka dereva jela imeandikwa kwa Kiingereza. Mwendeshaji wa bodaboda kule Maua au Siakago anakijua kifaa kwa jina la kigeni, lakini ni wangapi wamewahi kuambiwa, kwa lugha wanayoielewa, kwamba chupa tatu za haraka zinaweza kumvusha mpaka wa sheria na kwamba usingizi wa saa tano hausafishi chupa sita? Vyama vya Kiswahili vyuoni vimetafsiri tamthilia na mashairi. Havishindwi kutafsiri kanuni za kurasa chache, kuziandikia vipeperushi na vichekesho vya redio, na kupendekeza istilahi zitakazoingia midomoni mwa watu. Kiwango cha kileo katika damu ni maneno mazuri na ya wazi. Yanahitaji kusemwa kituoni na sokoni hadi yazoeleke kama kipimo cha shinikizo la damu.

Vilevile, wanahabari wengi wa Kiswahili hufunzwa na idara hizi hizi. Mwanafunzi atakayesoma taarifa ya habari kesho na ajizoeze kuandika kwamba dereva aliyekuwa amekunywa pombe amemgonga na kumwua mama wa watoto watatu. Sentensi hiyo ina mtenda na mtendwa. Ukisema kwamba mama amefariki katika ajali, mtenda ametoroka, tena ametoroshwa na sarufi.

Methali ya wahenga haina kosa. Ajali haina kinga: mti huangukia mpita njia, radi humpiga mchungaji, jiwe huporomoka mlimani usiku. Wahenga hawakuwa wakimzungumzia mtu mwenye ufunguo mfukoni anayeagiza chupa ya sita. Huyo ana kinga, nayo imo mkononi mwake mwenyewe hadi dakika anapowasha gari. Akishawasha, kinga hiyo inakuwa imeondolewa kwa shosho aliyeketi nyuma akishika rozari, na kwa mwanafunzi anayevuka barabara kule Runyenjes na mkoba wake mgongoni.